Ile /= mwisho wa bei: ina kazi au ni mazoea tu?

Mweka hazina wa kikoba chetu alileta hesabu za mwaka akiwa amezitoa kwenye daftari na kuziingiza kwenye kompyuta. Kazi safi kabisa, majina yamepangwa, kila mtu na michango yake: 10,000/=, 25,000/=, 50,000/=. Chini, kwenye mstari wa jumla, pakasomeka 0. Tukatazamana. Aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa sauti fedha zimekwenda wapi, na kwa dakika kama kumi hivi mama mwaminifu kuliko wengi ninaowajua akawa anaangaliwa kama mwizi. Mchawi alikuwa /=. Programu ya majedwali ikiikuta nyuma ya tarakimu haioni namba tena, inaona neno, na maneno hayajumlishwi. Tulipoiondoa kwenye safu nzima, jumla ikajitokeza yenyewe.

Tangu siku hiyo kuna kijana kikobani anayetaka alama hiyo ipigwe marufuku. Hoja zake si za kupuuzwa. Anasema hakuna anayeisoma: ukiona 5,000/= unasema "elfu tano", basi. Anasema anayeandika "Tsh 5,000/=" ametaja shilingi mara mbili. Na anasema ni masalia ya Mwingereza.

Hili la mwisho ni kweli, ila lina mkunjo. Waingereza walihesabu kwa pauni, shilingi na peni, na herufi s iliyosimamia shilingi ilitokana na solidus, sarafu ya dhahabu ya Warumi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba s hiyo, enzi ilipoandikwa ndefu, ndiyo iliyonyooka ikawa mkwaju, yaani ile alama ya /. Basi 5/6 ilisomwa shilingi tano na peni sita, na 5/- ilikuwa shilingi tano kamili. Kistari kilishika nafasi ya peni ambazo hazikuwapo.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921, baada ya rupia, haikugawanywa kwa peni 12 bali kwa senti 100. Namna ya kuandika ikabaki ileile. Mwenye stempu za zamani za Kenya, Uganda na Tanganyika azitazame: ataona 1/30, yaani shilingi moja na senti thelathini, na 2/50, shilingi mbili na thumuni. Kushoto kwa mkwaju shilingi, kulia senti. Uingereza wenyewe waliachana na shilingi Februari 1971. Sisi tukabaki na mkwaju, na kile kistari kimoja kwetu kikawa viwili.

Kwa hiyo kwa asili yake /= inasema jambo moja tu: hakuna senti. Na hapo kijana ana haki ya kucheka, maana kwa Mtanzania wa leo habari kwamba bei haina senti si habari. Lakini hoja ya ukoloni siipokei. Tukianza kufagia hivyo, tufagie na "hela", ambayo ni heller ya Wajerumani waliyoileta 1904, na "pesa" iliyotoka kwa Wahindi. Tutabaki tunalipana kwa ishara za mikono.

Ninapotofautiana naye hasa ni kwenye kalamu. Andika 5000 kwenye karatasi, kisha mwachie mtu mwenye wino wa rangi ileile. Sifuri moja nyuma, imekuwa 50000. Tarakimu 1 mbele, imekuwa 15000. Wahasibu wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walifunga pande zote mbili: Sh ikibanwa mbele ya tarakimu ya kwanza, /= ikibanwa nyuma ya ile ya mwisho, kisha kwa maneno "shilingi elfu tano tu", na mstari unachorwa kumalizia nafasi iliyobaki. Kwa macho ya mwalimu wa lugha "Sh 5,000/=" ni marudio. Kwa macho ya mtunza fedha ni mlango wenye komeo mbele na nyuma, na sioni marudio hapo.

Ushahidi mzuri uko India. Wao fedha yao ni rupia, hawana shilingi, lakini kwenye hundi na stakabadhi hadi leo utakuta 5,000/-. Mkwaju na kistari havina cha kuwaeleza kuhusu shilingi. Wameviweka kwa sababu vinafunga namba. Na hawa ndio waliojitengenezea alama mpya, ₹, mwaka 2010. Alama mpya ikakaa mbele, lile komeo la nyuma likabaki.

Hilo linanileta kwa wale wanaosema nasi tuchore alama yetu, kama Wanigeria na ₦ ya naira yao. Inapendeza kwenye bango, sikatai. Lakini herufi isiyopatikana kwenye kibodi ya kawaida ni mapambo, na Wanigeria wengi huishia kuandika N tupu. Isitoshe, shilingi ya nani itachorewa? Kenya, Uganda, Tanzania na Somalia kila mmoja ana yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini itifaki ya umoja wa fedha Kampala, Novemba 2013, zikilenga sarafu moja kufikia 2024. Lengo likasogezwa hadi 2031. Kuchora alama ya shilingi ya nchi moja wakati huu ni kupaka rangi nyumba ambayo mwenyewe anasema ataihama.

Hoja ya kijana iliyonishinda ni ya Namanga. Pale mpakani mwa Kenya na Tanzania, kibao kikisema soda 50/= na kingine chupa ileile 1,000/=, mgeni anaweza kudhani mmoja ni mwizi na mwingine mwendawazimu, kumbe shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya kumi za Tanzania. Mkwaju ulitufikia wakati shilingi ilikuwa moja kutoka Mombasa hadi Kampala. Tangu 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake, umekuwa haujibu swali la kwanza la mnunuzi. Hapo ndipo TZS, KES na UGX, herufi za kimataifa za shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda, zinapostahili. Hazina mvuto, na ile ya Somalia, SOS, inasomeka kama meli inazama, lakini hazimpotezi mtu. Kwa anayetuma bei kwa mteja wa Nairobi au ankara kwa ndugu aliye Muscat, /= peke yake ni uzembe.

Na kwenye lebo za dukani? Hapo sina ugomvi. Bei iliyochapwa haiongezwi sifuri kwa kalamu, anayetaka aiweke, asiyetaka aache.

Kikobani tumeishia hivi: kwenye kompyuta kichwa cha safu kinasomeka "Kiasi (TZS)", na ndani ya visanduku ni tarakimu tupu, hata "Tsh" haimo. Daftari na fomu za mkopo zimebaki kama zamani. Juzi kijana wetu aliomba mkopo, akajaza 200000 na kuisukuma fomu mezani. Katibu hakuinua hata uso. Aliirudisha na kalamu juu yake, akasema, "Funga kwanza, mwanangu." Kijana akafunga mbele na nyuma, huku akinung'unika kwamba mwakani fomu nazo zitaingia kwenye simu.