Msamaha wa kodi nao ni matumizi

Nimesoma makala inayosema makampuni yakipunguziwa kodi yatawekeza zaidi na ajira zitaongezeka, kwa hiyo tuvumilie bajeti ya afya na elimu ikibanwa. Hapana, sikubali. Fedha ambayo serikali imeamua kutoikusanya ni sawa na fedha iliyotumika. Tofauti ni kwamba mishahara ya walimu na dawa za zahanati hujadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu, ilhali misamaha hii hupita kimyakimya mwaka hadi mwaka.

Marekani, kwa sheria ya 2017, ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Mwaka uliofuata makampuni makubwa yakavunja rekodi ya kununua hisa zao wenyewe! Wanahisa walifaidi, sawa, lakini kilichoahidiwa ni ajira.

Sipingi kila nafuu. Anayejenga kiwanda kweli apewe, ila kwa muda maalumu na kwa masharti ya maandishi, na asipotimiza ajira alizoahidi adaiwe kodi yote aliyosamehewa. Jina lake na kiasi hicho vichapishwe kwenye vitabu vya bajeti, tuvisome sote kabla wabunge hawajapiga kura.