Daraja la nyasi la Q'eswachaka na mfongo wetu wa Uru

Sisi Wachaga tuna Desemba yetu. Mtu awe Dar, Mwanza au Hamburg, atajibana miezi kumi na moja ili Krismasi imkute mgombani kwao. Nina miaka 14 Ujerumani, kazi yangu uuguzi, na Desemba zilizonipita bila kufika Uru, kwetu Moshi, ni mbili tu, zote za wakati wa korona. Nilikuwa najiona mtoto mwema wa nyumbani. Safari ya mwaka jana imenifanya nilitazame upya jambo hilo, na naandika hapa kwa sababu najua wengi wenu mnaosoma mko kama mimi.

Juni nilikwenda Peru. Tulikuwa kikundi cha watu kumi na wawili: walimu wastaafu, mafundi wawili, mama na binti yake, na mimi, Mwafrika peke yangu. Haikuwa safari ya kupanda vilele wala ya kukimbizana na kamera. Tulilala kwenye nyumba za wakulima, tukala walichokula, na pale palipokuwa na kazi tulipewa ya kufanya. Cusco sitaieleza sana, wengi wameshaieleza. Mji uko mita 3,400 juu ya bahari. Mimi niliyezaliwa mlimani kichwa kiliniuma siku mbili, nikanywa chai ya majani ya koka kama wenzangu. Hapo pana kuta za Wainka, waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, zilizojengwa kwa mawe yaliyochongwa yakakutana bila udongo wala saruji, na Wahispania wakapandisha nyumba ya watawa juu ya hekalu la jua. Tetemeko la mwaka 1950 liliibomoa sehemu kubwa ya nyumba hiyo. Kuta za chini zilibaki zimesimama.

Kilichonikalia moyoni ni daraja.

Kusini ya Cusco, katika wilaya ya Quehue, mto Apurímac unapita kwenye korongo, na juu yake pana daraja la nyasi linaloitwa Q'eswachaka. Urefu wake ni mita 28 hivi. Lote ni nyasi ngumu ya milimani wanayoiita q'oya, hakuna msumari wala waya. Nyasi huoza, kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Juni vijiji vinne vya kando ya mto hukutana, hulikata la zamani likaanguka majini, na kufuma jipya kwa siku tatu. Siku ya nne ni ngoma na chakula. Daraja la chuma lipo hapo jirani, magari yanapita. Hata hivyo wanafuma. UNESCO iliuingiza ujuzi huu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013, lakini kazi yenyewe ni ya tangu enzi za Wainka.

Siku ya kwanza ni ya kamba. Kila kaya huleta kamba yake, imeshasokotwa nyumbani, na anayeandika majina hukaa chini na daftari. Nyumba ambayo haikuleta inajulikana saa ileile. Mama mwenyeji wetu alikuwa bado hajamaliza ya kwake, akanivuta nikae naye. Nyasi inapondwa kwanza kwa jiwe ili ilegee, inalowekwa, halafu unachukua mafungu mawili membamba, unayasugua katikati ya viganja mpaka kila fungu lijipinde, kisha unayaacha yajizungushe moja juu ya jingine. Yeye mikono yake ilikwenda kama mashine huku anaongea na wifi yake. Mimi asubuhi nzima nilitoa kamba ya kama hatua nne, imevimba hapa imenyongea pale. Aliishika, akaivuta kwa nguvu mbele ya uso wangu. Haikukatika. Akaiunganisha na ya kwake bila kusema neno, na jioni ikaenda darajani ikiwa imehesabiwa kwenye kaya yake.

Nilirudi nyuma miaka thelathini. Bibi yangu alikuwa akisokota kamba za magome ya mgomba namna hiyohiyo, kwa kiganja na paja, za kufungia majani ya ng'ombe. Lakini zaidi ya kamba, nilikumbuka msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa mfongo.

Kwa wasio wa mlimani: mfongo ni mfereji wa jadi. Babu zetu waliyachukua maji ya mito juu kabisa karibu na msitu, wakayapitisha pembeni mwa miteremko kwa maili kadhaa, mpaka yakafika kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba yanayozunguka nyumba. Hapakuwa na pampu wala bomba, ni jicho la mtu na mteremko tu. Masika yakipita, mfongo unakuwa umejaa tope na kingo zimebomoka, na hapo mzee wa mfongo anaita watu. Baragumu likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu. Asiyetokea analipa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi, au mbuzi, na zamu yake ya maji inasubiri. Hesabu ni ileile ya Quehue. Hata kumwaga ni kulekule: wale kabla ya kunywa chicha, pombe yao ya mahindi, humwaga kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, mama ardhi. Wazee wetu walimwaga mbege kwa ajili ya waliotangulia.

Wala si mimi tu niliyeona undugu huo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitambua kilimo cha Andes kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, na mwaka huohuo ikatambua kihamba cha Shimbwe Juu, Uru yetu hiyo. Wanafunzi wangapi wa Moshi wanalijua hilo? Mimi nimelijua nikiwa Hamburg.

Sasa linganisheni na ninakoishi. Nilipofika Ujerumani jengo letu lilikuwa na zamu ya kusafisha ngazi. Kibao kidogo kilitundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, ukakijua: wiki hii ni wewe. Nilichukia kile kibao. Lakini ndicho kilichonikutanisha na bibi wa ghorofa ya tatu, aliyenifundisha maneno ya Kijerumani ambayo darasani hayapo, na ambaye nilimzika miaka sita iliyopita. Baadaye mwenye nyumba akaleta kampuni. Ngazi sasa zinang'aa kuliko zamani, gharama inaingia kwenye bili ya mwaka, na waliohamia ghorofa ya tatu nawajua kwa jina lililo kwenye kengele. Hakuna aliyetendewa ubaya. Kazi imefanyika, ila watu hawakutani.

Na hicho ndicho sisi wa ughaibuni tumekipeleka nyumbani. Hapa nataka tuambiane ukweli. Likitokea jambo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, iwe msiba, paa la kanisa au mfongo, tunauliza swali moja: ngapi? Tunatuma. Baba mdogo anaweka vibarua wawili, wanafukua sehemu inayopita kwetu, wanaondoka. Jirani anayeona hivyo naye anamwandikia mwanawe aliye Arusha atume. Polepole anayebaki kufukua kwa mikono yake ni yule asiye na mtoto wa kumtumia, na kazi iliyokuwa heshima inakuwa alama ya umaskini. Mifongo mingi imekufa. Yapo maelezo mengine, najua: mvua zimebadilika, mabomba yamekuja, vihamba vimegawanywa mpaka havigawiki tena. Lakini pesa zetu nazo zimo. Tulidhani tunasaidia, kumbe tunamtoa kila mtu kwenye mstari mmoja baada ya mwingine.

Quehue nako vijana wanaondoka, tusidanganyane. Nyumba tuliyolala ilikuwa na vyumba vitatu na watoto wote wako mjini. Baridi ya usiku ni ya kuganda. Ndiyo wanayoitumia kutengenezea chuño, viazi vilivyoachwa nje vigande, vikakanyagwa kwa miguu kutoa maji na kukaushwa juani, vikakaa miaka. Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko, kilifanywa lugha rasmi ya Peru mwaka 1975, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu karibu milioni 3.8 ambao ni lugha yao ya kwanza, lakini mwenyeji wetu alisema wanawe wakifika Lima hawaizungumzi ndani ya basi. Umaskini upo, naye hakuuficha.

Tofauti niliiona siku ya pili, kamba kuu zilipovutwa. Ni sita: nne za kukanyagia na mbili za kushikia, kila moja nene kama paja la mtu mzima. Wanaume wamejipanga pande zote mbili za korongo wanavuta kwa sauti moja, na katika mstari wa upande wetu alikuwemo mwanamume aliyevaa viatu vya mjini, vimechafuka tope. Mwongozaji alinieleza kuwa ni dereva wa lori Arequipa, na huwa anaomba ruhusa kwa ajili ya siku hizi. Nikamuuliza kupitia mwongozaji, si angetuma pesa ya mtu wa kumshikia nafasi? Alijibu kwamba faini inapokelewa, ndiyo, lakini faini haipandi darajani. Mwaka 2021, baada ya mwaka mzima wa korona bila kufumwa, daraja lilikatika lenyewe mwezi wa Machi. Pesa zilikuwepo. Mikono ndiyo haikukusanyika. Juni ile wakarudi wakafuma.

Jambo moja lilinikera nami sitaliacha. Wanawake hawaruhusiwi kusogea darajani wakati wa kufuma, tulikaa juu ya kilima na kamba zetu. Ni sawasawa na kwetu, ambako mwanamke alizuiwa kukaribia chanzo cha mfongo. Kamba nyembamba zote zilizobeba daraja lile zilitoka viganjani mwa wanawake. Mila inayoweza kuhesabu kaya kwa uadilifu namna ile inaweza pia kumruhusu aliyesokota akanyage anapofunga fundo.

Nikifikiria utalii wetu naumia. Watu wanavuka dunia kuja Kilimanjaro, wanapita katikati ya vihamba vyetu ndani ya gari, madirisha yamefungwa, mpaka lango la Machame au Marangu. Wanachojua juu yetu ni wagumu waliowabebea mizigo. Kaka yangu alikuwa mgumu misimu minne. Kikomo cha kilo 20 kipo Kilimanjaro, na Peru wana sheria ya wapagazi tangu 2001 yenye kikomo hichohicho, na huko pia wapagazi wanalalamika kuwa mzani unadanganywa. Lakini pale Andes mkulima ana njia nyingine ya kumpokea mgeni: kwa zamu ya nyumba, kwa bei iliyokubaliwa kijijini, akiwa kwenye kazi yake mwenyewe. Wenzangu kumi na mmoja walilipa pesa nzuri ili wakae chini wasokote nyasi, na walilia wakati wa kuaga. Mfongo wa Uru ni maajabu yasiyopungua yale, na unahitaji mikono kila mwaka baada ya masika.

Basi mwaka huu sijaomba likizo ya Desemba. Nimeomba ya Juni. Wenzangu wa wodini walishangaa, mama akadhani naumwa. Nilimpigia baba mdogo, nikamweleza habari ya daraja tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwambia siku ya msaragambo nataka nipande na watu mpaka kwenye chanzo, si kubaki nyumbani kupika. Alinyamaza kidogo, nikasikia jogoo wake nyuma ya simu.

"Mwanangu, wanaume wenyewe tumebaki wangapi?" akasema. "Njoo. Ila uje na gambuti zako, za kukuazima hapa hamna."