Kuruta Aliyerushwa kwa Blanketi

Mwaka 1898, kambini Tampa, Florida, vijana wa kombania F ya kikosi cha kujitolea kutoka Ohio walishika kingo za blanketi, wakamtia kuruta katikati, wakamrusha juu mbele ya kamera ya kampuni ya Edison. Filamu hiyo haina sauti wala haifiki dakika moja, nami nimeirudia mara nyingi kuliko filamu nyingi za vita zilizogharimu mamilioni.

Vita vyenyewe vilikuwa vya Marekani na Hispania. Rais William McKinley aliwaita wanaume 125,000 wajitolee, na waliofika Tampa walikaa kwenye joto na mchanga wakisubiri meli za kuwapeleka Cuba. William Paley, mpiga picha aliyetumwa huko, alipiga alichokikuta: askari wakiosha vyombo, wakinawa nyuso asubuhi, wakishuka kwenye treni.

Wapo wanaoziona filamu hizi kuwa za kupotezea muda, eti hazina vita ndani yake. Mimi nasema wanatafuta vita mahali pasipo. Kamera za wakati ule zilikuwa nzito na zilihitaji jua kali, hivyo mapigano hayakupigwa picha, na watazamaji walipoyadai, yakaigizwa. Ile filamu ya Edison ya mwaka huohuo inayoonyesha Wahispania wakiwapiga risasi mateka wa Cuba ni maigizo yaliyofanyiwa Marekani. Kurusha kuruta nako kulifanywa kwa ajili ya kamera, sikatai, lakini utani ule ulikuwa wao, na blanketi lilikuwa lao.

Kisha kuna jambo ambalo huniondolea kicheko kila nikiwatazama wale waosha vyombo. Wamarekani waliouawa katika mapigano hawakufika 400, ilhali waliokufa kwa maradhi walizidi 2,000, wengi wao kwa homa ya matumbo iliyowakuta kambini, hata katika kambi za Marekani kwenyewe, kabla hawajamwona adui. Tume ya madaktari iliyoongozwa na Walter Reed ililaumu uchafu wa kambi, na nzi waliotoka vyooni wakatua kwenye chakula. Sahani, maji na mikono ya askari, vitu vilivyopigwa picha kwa mzaha, ndivyo vilivyoamua nani atarudi kwao.

Filamu hizi zimetufikia kwa njia isiyotarajiwa. Kabla ya 1912 sheria ya hakimiliki ya Marekani haikuzitambua filamu, kwa hiyo watengenezaji walizichapa picha moja moja kwenye karatasi ndefu na kuzisajili kama picha za kawaida. Kanda nyingi za asili zimeoza au kuungua, karatasi zikabaki katika Maktaba ya Bunge la Marekani.

Siku hizi baadhi ya wanaozipakia mtandaoni huzipachika tarumbeta na milio ya bunduki. Mimi huzima sauti, nikamtazama yule kuruta akipanda na kushuka kimyakimya.