Chupa Yenye Heshima

Ninapoandika haya ni saa tano na nusu usiku, na mimi, mtu mzima mwenye mvi zake na wajibu wake, nipo jikoni naogesha chupa. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, kijiko cha kukwangulia. Mke wangu amechungulia mara moja, akasema "Haya," akarudi kulala. Haya ile naijua. Inalipwa asubuhi.

Yote ni kazi ya kamati. Bosi anastaafu, kamati ikakaa kumuaga, wenye sauti wakajipa kazi ya kupanga, na mimi niliyechelewa kikao nikapewa kazi ya kununua. "Leta chupa moja ya mvinyo, lakini yenye heshima." Basi. Hela waliyonipa mnaijua, ile ya kuhesabiwa mara tatu na bado haiongezeki.

Zamani chupa ilijua kujitambulisha. Ngome imechorwa, jina la ukoo, mwaka, imekwisha. Hata kama lugha huisomi, ulijua umesimama mbele ya mtu wa watu. Na waliotaka urembo walifanya urembo wa kiungwana: Château Mouton Rothschild kule Ufaransa, tangu 1945, lebo ya karibu kila mwaka hupewa msanii mwingine, na ya 1973 ina picha ya Picasso. Wasanii wenyewe hulipwa kwa mvinyo, si kwa fedha. (Kamati yetu isilisikie hili.)

Sasa leo nimeingia, nikakuta rafu nzima inanicheka. Vyura, kima, paka, mafuvu ya vichwa. Nikarudi mlangoni kuhakikisha sijaingia kwenye vitabu vya watoto.

Akaja binti muuzaji. "Shikamoo baba. Nikusaidie?"

"Marahaba. Natafuta ya kumpa bosi wangu, anastaafu."

"Mwenyewe yukoje?"

Swali hilo ndilo lililoniponza. Nikajibu kweli tupu: mnene, mcheshi akishiba, mkali mwisho wa mwezi. Binti macho yakamng'aa, akaenda moja kwa moja kwenye chupa iliyochorwa kiboko.

"Hii inapendwa sana. Fat Bastard."

"Maana yake?"

Akatazama sakafu. "Ni mvinyo wa Kifaransa, baba."

"Mvinyo wa Kifaransa, jina si la Kifaransa. Maana yake, mwanangu?"

"Mnene..."

"Endelea."

"Mnene mwanaharamu. Lakini kwa upendo!"

Akaanza kunisomesha. Ati walikuwa marafiki wawili, Mfaransa na Mwingereza, wakaonja, ukawajaa mdomoni, mmoja akausifu kwa maneno hayo, jina likanasa. Vizuri. Wao walikuwa wawili tu na mapipa yao. Mimi nikajiona nimesimama mbele ya idara nzima, kipaza sauti mkononi: "Mheshimiwa, kwa niaba ya wafanyakazi wote, pokea Mwanaharamu Mnene." Kiboko anamtazama yeye, yeye ananitazama mimi. Miaka yangu iliyobaki kazini nikaanza kuihesabu palepale.

"Nipe kingine."

Akatoa Goats do Roam, ya Afrika Kusini. Mbuzi Huranda. "Litamke harakaharaka, baba, utasikia Côtes du Rhône, ule mvinyo maarufu wa Ufaransa." Nikatamka. Nikatamka tena kwa sauti, watu wakageuka. Mara ya tatu nikasikia kweli, nikacheka peke yangu kama mwehu, halafu nikakumbuka kwamba Wafaransa wenyewe hawakucheka, walilalamika. Na bosi je? Huyu mtu kila saa nne asubuhi anaranda ofisi za watu akihesabu viti vitupu. Atadhani tumekaa kikao.

Ya New Zealand iliitwa Mkojo wa Paka Kichakani. Cat's Pee, na kichaka juu yake, kimeandikwa waziwazi! Binti anasema mvinyo wa zabibu za Sauvignon Blanc wajuzi huusifia harufu hiyo. Wajuzi. Mimi nina paka nyumbani, sijawahi kumsifia.

Tukahamia kwenye pombe kali, labda huko kuna wazee. Whisky ya kwanza: Sheep Dip, dawa ya kuogeshea kondoo. Ati wakulima wa Uingereza waliandika hivyo kwenye mapipa ya whisky ili mtoza ushuru apite njia. Ya pili: Monkey Shoulder, Bega la Kima, kwa sababu wafanyakazi wa Scotland walipogeuza shayiri kwa koleo siku nzima, bega lilikuwa linaning'inia. Bega hilo ninalo mimi. Bosi hajawahi kushika koleo.

"Binti, hakuna yenye jina la dini, la kutulia?"

"Ipo ya Italia: Est! Est!! Est!!!"

Nikapenda. Hadithi yake yenyewe inaanza kwa askofu: mtumishi wake alitangulia njiani, kila palipo na mvinyo mzuri anaandika mlangoni "Est", yaani upo. Alipofika Montefiascone ukamzidi utamu, akaandika mara tatu.

"Na askofu akafika?"

"Akafika, baba. Akanywa hapohapo mpaka akafa."

Zawadi ya kustaafu hiyo!

Basi, miguu imeniuma, nikachukua Sangre de Toro, ya familia ya Torres wa Hispania, ipo tangu 1954, jina linatamkika, na shingoni inaning'iniza kifahali cheusi cha plastiki. Nikaipiga picha, nikaitupia kundi la kamati, nikakaa kitako kusubiri pongezi.

Mweka hazina: "Sangre ndo nini?"

Hakuna anayelala siku hizi. Dakika mbili tu, kaenda kutafuta. "DAMU YA FAHALI??? Kwa mtu mwenye presha???" Nikaeleza kwamba ni jina tu, kwamba hata Hungary wana Damu ya Fahali ya Eger, wanasimulia ilivyowatisha maadui waliouzingira mji 1552. Katibu akajibu kwa neno moja: "Bandua."

Ndiyo nabandua. Lebo haitoki kama lebo, inatoka kama nyuzi, na gundi imebaki vilevile, chupa sasa inanata na haina jina. Mililita 750 za kitu kisichojulikana. Kesho watauliza nani amekipika.

Hapo ndipo mwanangu wa mwisho akatokea kutaka maji ya kunywa. Hajauliza kwa nini baba anaogesha chupa, watoto wana adabu zao. Amekiona kifahali, amekivua, amekibusu.

"Mama yake yuko wapi?"

"Amebaki dukani."

"Na mbuzi wapo?"

"Wapo. Wanaranda."

Chumbani sauti ikauliza: "Mbuzi gani saa sita ya usiku?"