Popo wa darini: wanaolalamika wana haki, ila dawa siyo

Hapa Bagamoyo mjadala wa popo wa darini umerudi na naona wengi wanataka wapigwe dawa wote, eti ndo wanaoleta Marburg, ile homa ya kutoka damu. Jamani. Marburg ilithibitishwa Kagera 2023 ikarudi kule kule Januari 2025, na popo anayejulikana kuibeba ni Rousettus aegyptiacus, mla matunda wa mapangoni. Wetu wa chini ya bati wengi ni jamii ya Mops, wale wenye mkia uliochomoza nje, wanakula wadudu tu, embe lako hawana habari nalo, na joto la bati linalokukimbiza wewe wao wanalimudu hata likivuka digrii 40.

Sisemi ni malaika. 2018 kirusi cha Bombali, ndugu yake Ebola, kilitangazwa kimepatikana kwa aina mbili za hao Mops, Mops condylurus na Mops pumilus, wa Sierra Leone, baadae hadi Kenya. Hakuna mtu anayejulikana kuugua, ila mtu akikataa kulala chini yao siwezi kumcheka. Na mavi yao, silingibodi inaoza, harufu inaingia mpaka kwenye nguo za kabatini, vumbi lake nalo si la kuvuta.

Wanaowatetea kwamba wanamaliza mbu nao wanatia chumvi, Mops anawinda juu juu kwa kasi na chakula chake hasa ni mbawakawa, nondo, kunguni wa mimea. Lakini hapo ndo penyewe, hao ni wadudu wa shambani! Eswatini watafiti walizifuatilia aina hizo hizo mbili za Mops wakakuta wanapenda kuwinda juu ya mashamba ya miwa kuliko sehemu nyingine. Sasa hapa kwetu Makurunge si kuna miwa? Tunawaua mjini, hasara ya shambani hatuipigii hesabu, na jike anazaa mtoto mmoja tu kwa uzazi mmoja, ukifyeka mia leo, wangekuwa panya wangeshajirudishia ndani ya miezi, popo ana kazi ndefu, na hakuna anayemhesabu wakati anapungua.

Halafu dawa yenyewe, hawafi wote darini, wengine wanadondoka uani wako hoi, watoto wanawaokota wanang'atwa, wakati popo alipokuwa kwenye kenchi hakuna aliyemgusa. Umekimbia ugonjwa umeuleta mlangoni.

Fundi anayejua anatundika wavu kwenye upenyo, magharibi wanatoka wanashindwa kurudi, baada ya siku kadhaa anaziba fishabodi. Ila isiwe wakati wana vichanga, maana vitabaki vioze humo, na kwa harufu hiyo utaitamani ile ya mavi.

Kinachokwamisha ni hela. Wanaolalamika wengi wapangaji, mwenye nyumba yuko Dar harufu haimfikii, na chupa ya dawa ni rahisi kuliko kumlipa fundi siku mbili. Mpangaji ananunua anachoweza, popo anapigwa, na kwenye mjadala wote huu sijaona mtu akiuliza mwenye nyumba anatoa shilingi ngapi.