Kodi ya mwezi au malipo ya usiku: mwenye nyumba mdogo wa Mombasa apime nini

Desemba ikikaribia, mwenye fleti moja au mbili Nyali, Bamburi au Mtwapa huanza kusikia maneno. Dalali anamwambia kwamba nyumba anayopangisha kwa elfu arobaini na tano kwa mwezi ingerudisha pesa hizo kwa wiki moja. Jirani wa ghorofa ya juu ametia makochi mapya na kiyoyozi, na magari yenye wageni hayakauki kwenye maegesho. Maneno hayo yana msingi. Tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, wageni wa kukaa siku chache si watalii wa Ulaya pekee. Ni familia za Kenya zinazoteremka kwa likizo za Pasaka, Agosti na Desemba, zikitaka sebule na jiko la kupikia watoto kuliko chumba cha hoteli. Soko lipo. Ninachokipinga ni hesabu inayofanywa juu yake, kwa sababu nimeona watu wakimwondoa mpangaji mwema kwa ajili ya hesabu ya nusu ukurasa.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa mfano wa fleti ya vyumba viwili vya kulala. Ikipangishwa kwa mwezi, mpangaji hununua tokeni zake za stima, hulipia maji yake na husafisha nyumba yake. Mwenye nyumba hupokea 45,000, hulipa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, 7.5% ya ushuru wa kodi za makazi, yaani 3,375, na kubaki na 41,625. Ada ya jengo tuiweke kando, maana ataitoa vyovyote iwavyo.

Sasa fleti hiyohiyo iwekwe kwa malipo ya usiku, 6,000 kila usiku. Dalali huzidisha kwa siku thelathini na kupata 180,000, na hapo ndipo mazungumzo hukomea. Lakini fleti ya kawaida, isiyotazama bahari, haijai mwezi mzima mwaka mzima. Tuiombee usiku ishirini, ambao tayari ni mwezi mzuri: mapato ni 120,000. Wageni wanane wakiingia na kutoka, kila mmoja hugharimu kama 1,200 za usafi na kufua mashuka, jumla 9,600. Stima, kwa sababu mgeni huacha kiyoyozi kikivuma hata akiwa ufuoni, 12,000. Intaneti 3,500. Maji 4,000, na yakikauka mferejini ukaita boza, zaidi. Sabuni, karatasi za msalani, gesi na maji ya kunywa, 4,500. Matengenezo madogo, 5,000. Airbnb, mtandao unaowaunganisha wageni na wenye nyumba, ikikata 3% ni 3,600, na tozo ya utalii ya 2% ni 2,400. Meneja anayepokea wageni na kujibu ujumbe usiku wa manane akichukua 20%, ni 24,000. Zinabaki 51,400. Samani, friji, televisheni na kiyoyozi vya 600,000, vikigawanywa kwa miaka minne, ni 12,500 kila mwezi. Mwisho wa yote mkononi kuna 38,900, na ushuru wa mapato yenyewe bado haujaguswa.

Viwango hivi ni vya mfano, na kila mtu aweke vyake. Kwa fleti inayoona bahari ya Nyali, bei ya usiku inaweza kuwa mara mbili, na hesabu ikageuka kabisa. Hata hivyo angalia ni mstari gani unaoamua. Ni ule wa meneja. Mwenye nyumba akifanya kazi hiyo mwenyewe, 38,900 inakuwa 62,900, na sasa ameipita kodi ya mwezi kwa zaidi ya elfu ishirini. Kwa hiyo faida inayosifiwa, kwa fleti za kawaida, kwa sehemu kubwa ni mshahara wa mtu anayefanya kazi ya hoteli bila kujiandikia mshahara huo. Hilo halina ubaya. Mama aliyestaafu ualimu, anayeishi jengo hilohilo na ana muda, anaweza kuifanya vizuri na akaifurahia. Bali mtu anayeajiriwa Nairobi au anayefanya kazi Doha, aliyejenga Mombasa kwa akiba yake, huwa anainunua kazi hiyo kwa mtu mwingine, na akishailipia hubaki palepale alipokuwa au nyuma kidogo.

Upande wa kodi ya mwezi nao una machungu ambayo wanaousifu huyanyamazia. Mpangaji anaweza kukaa miezi mitatu bila kulipa, kila wiki na ahadi yake, kisha akahama usiku. Dipoziti ya mwezi mmoja haitoshi kupaka rangi, kubadili kufuli na kufidia kodi iliyopotea. Na sheria haimpi mwenye nyumba njia ya mkato. Kuna Sheria ya Kukamata Mali kwa Deni la Kodi, Sura ya 293, lakini kamata hiyo hufanywa kupitia dalali wa mnada mwenye kibali, wala si kwa kumtuma askari wa geti. Kung'oa mlango wa mpangaji, kuezua bati au kumkatia maji ili ahame ni mambo yanayofanywa sana hapa mjini, na ni makosa. Ni ukatili pia, hasa nyumba ikiwa na watoto, na siamini kwamba deni la kodi linaweza kuuhalalisha.

Ndiyo maana wengine hukimbilia wageni wa usiku: mgeni hulipa kabla ya kuingia, na Jumapili anaondoka. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Mwenye nyumba aliyewahi kuzungushwa na mpangaji sugu kwa mwaka mzima ana haki ya kutaka pesa zake mbele. Lakini hatari haijaondoka. Imehamia mahali pengine. Mpangaji wa mwezi anaweza kukushinda peke yake, ilhali wageni wa usiku huweza kutoweka wote siku moja kwa sababu isiyokuhusu. Mei 2014, baada ya Uingereza kutoa onyo la usafiri, kampuni za utalii ziliwarudisha kwao mamia ya Waingereza kutoka pwani. Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa, na Aprili ikafuata amri ya kutotoka wala kuingia Mombasa, Kilifi na Kwale, iliyodumu hadi Juni kwa Kilifi na Kwale, na hadi Julai kwa Mombasa. Airbnb iliwaruhusu wageni wengi waliokuwa wamelipa kufuta safari na kurudishiwa pesa zote, hata pale mwenye nyumba alipokuwa na masharti ya kutorudisha. Waliokuwa na wapangaji wa mwezi nao waliumia, kwa kuwa wafanyakazi wa hoteli walipoteza ajira na kodi ikachelewa. Hata hivyo nusu ya kodi ilikuwa bado kodi. Aliyechukua mkopo wa samani hakuwa hata na hiyo nusu.

Masika nayo haihitaji janga. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua hunyesha, bahari huchafuka, shule zikishafunguliwa familia hurudi bara, na fleti ya wageni hukaa kimya. Atakayekula faida ya Desemba mwezi wa Januari atakopa mwezi wa Mei ili alipe ada ya jengo.

Katika ushuru, wengi huchanganya mambo mawili. Ushuru wa kodi za makazi, ulioanza 2016 kwa 10% na kushushwa hadi 7.5% Januari 2024, ni wa mapato ya kodi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hukatwa kwenye kodi yote iliyopokewa: ukarabati wala riba ya benki haviondolewi. Anayelipa mkopo mkubwa wa nyumba anaweza kuiandikia KRA kwamba hautaki utaratibu huo, kisha akatozwa kwa faida kama mapato mengine, na kwa baadhi ya watu hiyo ni nafuu kubwa ambayo hawaijui. Kupokea wageni kwa usiku, kwa upande mwingine, ni biashara ya malazi. Inadai leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii kila mwaka, tozo ya 2% kwa Hazina ya Utalii, kibali cha kaunti, na ushuru wa mapato ya biashara. Anayelipa 7.5% kwa fleti ya wageni akadhani amemaliza, hajamaliza.

Leseni hiyo si karatasi tu. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi, siku chache zikipishana, katika fleti za kupangishwa kwa usiku. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana katika miji mbalimbali ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na serikali ikawataka wote wanaopangisha kwa muda mfupi wajisajili. Niliwasikia wenye nyumba wakilalamika kwamba wanaadhibiwa kwa makosa ya wengine. Siwaungi mkono. Ukimpa mtu usiyemjua ufunguo wa mahali pasipo mapokezi wala mlinzi anayejua nani ameingia na nani, umebeba wajibu ambao mwenye kupangisha kwa mwezi hana. Chukua kitambulisho cha kila anayelala, si cha aliyelipa peke yake. Kitunze kwa siri, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na fleti moja, na picha ya kitambulisho cha mgeni kuzagaa kwenye kundi la WhatsApp la wasafishaji ni kuivunja. Kamera iwe kwenye ngazi au getini. Ndani ya nyumba Airbnb yenyewe imezipiga marufuku tangu Aprili 2024, na ingekuwa aibu kuzitia hata kama wasingekataza.

Wajibu mwingine ni kwa majirani, na hapa Mombasa una uzito wake. Jengo la ghorofa nne Kizingo au Tudor huwa na wazee wanaoshuka alfajiri kwenda msikitini na watoto wanaocheza kwenye ngazi. Kundi la vijana waliokuja kusherehekea hawana ubaya wowote, ila wanacheza muziki saa nane za usiku katika nyumba za watu wanaofanya kazi kesho. Wakiondoka Jumapili, anakuja wa Jumatatu, na jirani hana wa kuzungumza naye. Chini ya Sheria ya Majengo ya Sehemu ya mwaka 2020, wamiliki wa fleti katika jengo wana shirika lao lenye kanuni, na kanuni hizo zinaweza kuwekea biashara ya wageni masharti. Zisome kabla ya kununua kochi. Anayepanga fleti ya mwenzake ili naye aipangishe kwa usiku, apate idhini ya mwenyewe kwa maandishi. Vinginevyo siku mwenyewe akigundua, samani zote zitatoka nje na msimu uko katikati.

Lipo na suala la makazi yenyewe. Kila fleti inayohama kutoka kwa wapangaji kwenda kwa wageni ni nyumba moja pungufu kwa muuguzi, mwalimu au karani wa bandari anayetaka kuishi karibu na kazi yake. Mwenye nyumba mmoja hawezi kubebeshwa tatizo la mji mzima, na mwenye fleti moja iliyojengwa kwa jasho lake ana haki ya kuitafutia riziki. Bado naona tofauti kati ya kuigeuza nyumba iliyobaki wazi na kumpa notisi familia iliyolipa bila kukosa kwa miaka mitano. Kisheria, mpangaji wa mwezi hadi mwezi anastahili notisi ya angalau mwezi mmoja. Kwa familia yenye watoto shuleni, mwezi mmoja katikati ya muhula ni mfupi sana.

Katikati ya njia hizi mbili pana ya tatu ambayo madalali hawaipigii debe kwa kuwa haina mng'aro: fleti yenye samani, kwa mwezi mmoja hadi sita. Wateja wake ni mafundi na wahandisi wa mikataba bandarini, madaktari wanaojifunza kazi hospitalini, watu wa mashirika, na Wapwani wanaofanya kazi Ghuba wanaorudi kwa likizo ndefu wakitaka faragha badala ya kujazana kwa wazazi. Kodi huzidi ya nyumba tupu, usafi hufanywa kwa wiki, na hakuna ufunguo wa kukabidhi kila baada ya siku mbili. Kwa mwenye nyumba asiyeishi Mombasa, na asiye na ndugu wa kuaminika hapo, ningemshauri aanzie hapa kabla ya kufikiria wageni wa usiku. Mwenye nyumba mbili anaweza kuiacha moja kwa mpangaji wa kudumu, ilipe mkopo na ada, na kuijaribu ya pili.

Na anayeamua kuijaribu, asianze Novemba, kwa kuwa Desemba itampa picha ya mwezi mmoja na ataisoma kama mwaka. Aanze Aprili, nyumba ikiwa imebaki wazi yenyewe, kwa samani alizoweza kununua bila mkopo, akiandika kila shilingi inayotoka na kila saa anayoitumia. Msaidizi wa usafi amlipe kwa siku ya kazi inayoeleweka, asimwite kwa simu saa nne asubuhi akitarajia fleti iwe tayari saa nane. Julai ikifika atakuwa na hesabu ya miezi mitatu mibaya kuliko yote. Ikiwa mapato ya miezi hiyo yamelipa gharama zake, basi ana biashara. Yasipolipa, mpangaji wa mwezi anaweza kuingia mwezi wa Agosti.