Kopo la vitamini halijui wewe unakosa nini

Nna droo moja nyumbani, ile ya chini kabisa kwenye kabati la vyombo, mume wangu ameipa jina "kemisti". Juzi stima imepotea natafuta mshumaa nikaifungua, nikajikuta nahesabu. Makopo kumi na moja. Kolajeni, mafuta ya samaki, magnesiamu, zinki, moja maandishi yake hata sijui ni Kichina ama Kikorea, na lile la "mifupa na usingizi" ambalo niliuziwa elfu nne na mia tano na shoga yangu aliyekuwa ameingia kwenye zile biashara za kuuza na kuingiza wenzio. Simtaji, bado twasalimiana. Mengi yako nusu, matatu hata hayajafunguliwa, na pesa zilizolala mle ndani ningepata mashine ya ovaloki ya mtumba na chenji ya kununulia nyuzi.

Mie ni fundi wa nguo, madira na mabuibui zaidi, huku Majengo, Mombasa. Mwaka wa kumi na nane huu nimekalia kiti kile kile ndani ya duka lisilo na dirisha, na miaka kama mitatu iliyopita mwili ukaanza kunidai. Mgongo nlikuwa nautarajia manake hakuna fundi asiyelia na mgongo, lakini hii ilikuwa kitu kingine, mifupa ya miguu ilikuwa yauma kwa ndani kama jino bovu, mapaja mazito, kupanda ngazi ghorofa ya pili kwa dada yangu nikawa nashika ukuta. Na usiku ndio balaa, nalala saa tano, saa nane macho makavu, nasikiliza feni na paka za mtaani mpaka adhana ya alfajiri, halafu asubuhi naenda kushona nguo ya bibi harusi na mikono yatetemeka. Usingizi ukikosa maumivu yanazidi, maumivu yakizidi usingizi haupatikani, hujui uanze kufungua fundo upande upi.

Kwa hivo nikaanza kununua. Kila aliyenionea huruma alikuwa na kopo lake la kunishauri.

Sasa hapa ndipo nnapotaka kugombana na watu kidogo. Mie nimefika mahali naamini vitamini ni kama kujaza maji kwenye mtungi, mtungi ukiwa mkavu utaona tofauti, ukiwa umejaa wamwaga tu sakafuni. Sisemi vitamini ni uongo. Nasema tunameza bila kuuliza ni mtungi gani mtupu, na wanaotuuzia hawana haja ya kuuliza kwa sababu wakiuliza, nusu yetu hawatatuuzia kitu.

Yule daktari niliyemwendea mwisho, baada ya kuzunguka sana, hakuniuliza natumia nini. Aliniuliza natoka nyumbani saa ngapi, narudi saa ngapi, na nikitoka navaa nini. Nikamwambia natoka saa kumi na mbili na nusu, narudi magharibi imeshaingia, na nimevaa buibui na nikabu kama anionavyo. Akaniuliza, sasa jua lakupata wapi? Nikacheka wallahi. Jua! Mombasa hii ambayo ukitoka saa saba mchana kwenda Marikiti warudi umeiva kama mkate wa mofa, mtu aniulize jua. Lakini akaniandikia kipimo cha damu cha vitamini D, na kilikuwa na bei yake nisidanganye, nilitoa pesa ya madira mawili. Jibu likatoka 9, yaani nanogramu kwa mililita ya damu, wakati madaktari wengi wanataka angalau 20.

Kumbe vitamini D mwili waitengeneza wenyewe ngozi ikipigwa na jua lenyewe, si mwangaza wa dirishani manake kioo kinaizuia ile miale inayotakikana, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Kwenye chakula ipo lakini kidogo, samaki wa mafuta, kiini cha yai, maini. Mtu akiikosa muda mrefu mifupa inalainika na misuli yakosa nguvu, na maumivu yake ni yale yale nliyokuwa nayaeleza, ya kwa ndani, huwezi kuonyesha kidole hapa ndipo. Yaani nimekaa kwenye mji wa jua nimekosa kitu cha jua, na kwenye zile kopo kumi na moja hakuna hata moja lililokuwa na D ya kutosha kunitoa nilipokuwa.

Nikapewa kidonge kimoja kwa wiki, wiki nane. Haikuwa muujiza. Mwezi wa kwanza hakuna kitu, nikaanza kusema hata huyu kanila pesa, mwezi wa tatu hivi nikashtukia nimepanda ngazi za dada yangu huku naongea na simu. Ule uchungu wa mifupa ukaondoka. Mgongo uko pale pale, huo ni wa kiti na cherehani na hakuna kidonge kitanyoosha kiti. Siku hizi kabla ya kufungua duka nakaa uani kwetu, ndani ya ua wenye ukuta mrefu hakuna anayeniona, nimepandisha mikono ya dira na miguu iko nje, naanika nguo na kujianika mwenyewe.

Lakini ngoja, usikimbilie kemisti. Marekani kulifanywa utafiti mkubwa sana unaitwa VITAL, watu zaidi ya 25,000, na ndani yake kulikuwa na zaidi ya elfu moja wenye maumivu sugu ya goti, wengine wakapewa vitamini D, wengine mafuta ya samaki, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, bila kujua. Majibu ya magoti yalitoka 2020, na si vitamini D si mafuta ya samaki, hakuna kilichoshinda vile vidonge vitupu. Watu hawa hawakuchaguliwa kwa sababu wamepungukiwa, mitungi yao mingi ilikuwa na maji tayari. Mie iliponisaidia ni kwa sababu nlikuwa na 9. Jirani yangu mwenye 35 akinakili dawa yangu hatapata kitu, na akizidisha ataumia, manake hii vitamini haitoki kwa mkojo kama zingine, inakaa mwilini inapandisha kalsiamu kwenye damu mpaka figo zilie.

Mamangu naye ana yake. Ana sukari miaka mingi, anatumia metformin, na nyayo zikaanza kumwaka moto usiku, analala miguu iko nje ya shuka kwenye sakafu ya saruji. Sote tukasema ni sukari, nani asiyejua sukari yachoma miguu. Mpaka kliniki moja akakutana na kijana mdogo, sijui hata kama alikuwa amemaliza masomo, akauliza huyu mama amewahi kupimwa B12? Hajawahi. Metformin ikitumika miaka inapunguza B12 inayoingia mwilini, hilo linajulikana, na B12 ikishuka mishipa ya fahamu inaumia, ganzi, sindano sindano, moto. Na mamangu alikuwa ameacha nyama na maziwa kwa sababu ya presha na kila mtu kumtisha, na B12 iko kwenye vitu vya wanyama tu, nyama, samaki, mayai, maziwa. Akachomwa sindano zake. Moto haujaisha wote, sukari nayo ina sehemu yake, lakini analala amejifunika.

Jirani yetu kusikia hivo akaenda kununua vile vidonge vya mishipa, si mnavijua, vyenye B moja, B sita na B kumi na mbili pamoja, akawa anakula viwili asubuhi viwili jioni kama njugu, karibu mwaka. Ganzi ikazidi. Na hapa kuna kitu ambacho naona wauzaji wangelazimishwa kukiandika kwa herufi kubwa: B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe ndiyo inayoleta ganzi. Dawa ya ganzi inaleta ganzi. Marekani wanasema mtu mzima asipite miligramu 100 kwa siku, Ulaya 2023 wakashusha mpaka 12, na kuna vidonge kimoja peke yake kina 100 ama 200. Tunavinunua kwa kaunta pamoja na peremende.

Mdogo wangu yeye miguu ilikuwa haitulii, akilala tu anaisukuma, anaamka anazunguka sebule, mumewe akadhani ana mashetani, karibu tuitiwe mganga. Ilikuwa ni madini ya chuma yamekwisha, watoto watatu wamefuatana na damu yake ya mwezi ni nyingi. Na anakula vizuri tu! Mbaazi, kunde, mchicha. Ila kila chakula anateremshia na chai ya rangi, na chai inashika ule madini wa chuma wa kwenye mboga usiingie. Akaambiwa chai asogeze mbele saa moja na zaidi, na kwenye mbaazi akamue ndimu manake vitamini C inavuta chuma, pamoja na vidonge vyake alivyoandikiwa. Ndimu ya shilingi kumi.

Hata hili neno lenyewe vitamini lilianzia kwenye upungufu. Casimir Funk ndiye aliyelitunga 1912, wakati watu wanatafuta sababu ya beriberi, ule ugonjwa wa miguu kuuma na kupooza uliokuwa ukiwamaliza watu wa Asia waliokuwa wakila mchele mweupe uliokobolewa. Lile ganda tunalolitupa ndilo lilikuwa na B1. Hakuna aliyeongeza kitu cha ajabu, walirudisha kilichotolewa. Mie nikipika wali wa nazi Ijumaa nalikumbuka hili, halafu naula tu, wali wa nazi ni wali wa nazi.

Kwa upande wa usingizi wenyewe, usingizi mtupu bila maumivu, maoni yangu ni makali zaidi na yatawaudhi wanaume wa barazani. Tunaula usingizi wetu kwa mdomo. Mtu anakunywa kahawa thungu saa nne za usiku, kikombe na haluwa, kikombe na kashata, halafu saa nane anauliza kwa nini halali. Kafeini nusu yake yachukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hivo ya saa nne, saa tisa za usiku nusu bado iko kazini. Chai yetu ya kuchemshwa mpaka ikawa nyekundu ni hivo hivo. Wa muguka na miraa, yale majani ya kutafuna yanayokesha watu, sitawagusa, 2024 gavana alipiga marufuku muguka hapa Mombasa, mahakama ikasimamisha, kila mtu akapiga kelele kuhusu pesa na vijana, mie nikawa najiuliza tu hawa watu wanalala saa ngapi.

Na chakula cha usiku! Tunafunga duka, twafika nyumbani, tunakula saa nne biriani ama mishkaki na viazi karai, saa tano umelala chali, asidi yapanda kifuani, unaamka unakohoa unasema ni presha. Mie mwenyewe nlikuwa hivo. Na kwa sababu ya mgongo nlikuwa nameza diklofenaki mbili kila usiku, tumbo likawaka, nikapewa omeprazole ya tumbo, nikaimeza mwaka mzima bila kurudi kuuliza, na omeprazole ya muda mrefu nayo inapunguza B12 na magnesiamu. Halafu naenda kununua kopo la magnesiamu. Ukiyapanga hivi ndio unaona ujinga, wakati uko ndani unaona wajitibu. Na hizo diklofenaki za kila siku zinagusa figo na presha pia, watu waache kuuziana kama pipi.

Magnesiamu yenyewe, kwa kuwa ntaulizwa: tafiti zake za usingizi ni ndogo ndogo na hazijatoa jibu la nguvu, mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari, na ukizidisha itakukimbiza choo usiku huo huo uliotaka kulala. Mie naipata kwenye mchicha wa nazi, pojo, korosho za Kilifi, na zile mbegu za maboga nlikuwa nazitupa. Chajio sasa ni saa moja na nusu, kidogo, samaki ama pojo na mboga. Kahawa mwisho adhuhuri. Nimepungua kilo sita bila kukusudia, na wanasema kila kilo moja ukiitua, goti linatuliwa kama nne kwa kila hatua, hilo goti langu limelithibitisha kabla sijasoma popote. Nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo kwa hivo siwezi kukipa kimoja sifa zote, ila nalala mpaka kumi za alfajiri siku nyingi. Si zote. Msimu wa harusi silali, hiyo haina vitamini.

Ile droo nimempa mume wangu aitupe, amekataa, anasema pesa haitupwi. Na jana usiku napita barazani, ami yangu akaniita, mwanangu hebu njoo, ile dawa yako ya usingizi ya kopo bado unayo? Nikamuuliza ami hicho ulichoshika ni kikombe cha ngapi. Akasema cha nne, lakini vikombe vya huyu muuza kahawa ni vidogo.